Tangi la Pili

Usiku wa Juni, Newala ina meno.
Ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unapita Shimo la Mungu bila kupiga hodi,
unajilaza juu ya bati la karakana yetu.
Nina koti la mtumba, chai ya tangawizi,
na daftari. Saa saba na robo: nyuzi thelathini na saba.
Wao, humo ndani, hawajui kama kuna baridi.

Tangi la kwanza linaunguza maganda ya korosho,
yaleyale yaliyobabua vidole vya wabanguaji
hadi mashine ya vitambulisho ikawakana.
Linayaunguza huku likiyanyima hewa,
nusu moto, nusu kisasi,
mpaka ganda linasalimu amri, linakuwa gesi.

Gesi hiyo ninaijua kwa jina la nyumbani.
Mhandisi anaiita kaboni monoksaidi.
Mama anaiita ile iliyomchukua kaka.
Mjomba Nandonde aliingiza jiko la mkaa chumbani,
akaziba mwanya wa mlango kwa gunia.
Asubuhi tulimkuta amelala vizuri,
shuka halijakunjamana,
midomo ina wekundu wa mtu aliyeletewa habari njema.
Haina harufu. Haina rangi. Haigongi.

Na ndiyo ninayowapa hawa.
Povu kwa povu, kutokea chini ya tangi la pili,
bakteria wasioonekana hata ukikodoa
wanaipokea kama waliofunga wanavyopokea tende,
wanaacha spiriti.
Hewa yetu sisi, hii ya kuvuta bure, ndiyo inayowaua:
tundu moja kwenye bomba, matanga.
Basi kazi yangu imekuwa kuziba mianya.
Mimi, mpwa wa Nandonde.

Mama alipika uraka miaka ishirini nyuma ya choo,
amewahi kuwakimbia mgambo na sufuria ya moto kichwani.
Jumamosi alikuja kukagua.
Akanusa. "Hamna bibo humu."
Hamna, mama.
"Na maji lita mia tano! Sisi tunapanga ndoo tangu alfajiri,
vidudu vinaoga."
Nikamwonyesha bomba linaloyarudisha maji.
Akalitazama kama mkwe anayejieleza sana.
Kisha akauliza swali la fundi kwa fundi:
"Ulibakiza mbegu?"
Nilibakiza. Chupa moja, friji ya daktari wa mifugo,
katikati ya chanjo za kuku.
Aprili umeme ulikatika siku mbili, tangi zima likafa,
tukaanza upya na kile kikombe.
Akaguna. Kwake, kuguna ni cheti.

Adhuhuri nilimimina kidogo kwenye kopo la maziwa,
nikawasha, uani, juani.
Hatukuona kitu.
Wanafunzi wawili kwenye ua wakaanza kucheka.
Mama akanyoosha kiganja juu ya kopo,
kiganja kilichosugua masufuria mangapi,
akakirudisha upesi.
"Upo," alisema.

Hakunipongeza.
Aliingia karakana, akafungua mlango, wote,
akafungua dirisha,
akazunguka nyuma ya tangi,
akafungua na lile la pili.