Mpima Dagaa Aenda Kutazama Nyumba

Miaka kumi na tisa nimesimama na mizani Mwaloni Kirumba.
Gunia la dagaa nalijua kwa bega kabla chuma hakijasema:
hili limenyunyiziwa maji usiku,
hili lina mchanga chini, mweupe, wa visiwani,
hili limefungwa na mtu anayedaiwa ada ya shule.
Basi Nkwabi, dalali wangu, usiniharakishe.
Rangi hii ina siku ngapi?

“Imepakwa juzi, mzee, kwa heshima ya mteja.”
Heshima imeishia kiunoni.
Kutoka sakafuni hadi hapa ukuta unang’aa kama mtindi;
juu yake wameuacha na moshi wake, na misumari,
na kalenda ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka.
Mwenye nyumba gani hupaka nusu ukuta,
kisha aseme ni pambo?

Kabula akafungua bomba. Bomba likakohoa,
likatema kutu kidogo, likanyamaza.
“Leo ni zamu ya mtaa wa juu,” akasema Nkwabi.
Jumanne, kule mtaa wa juu,
alituambia ni zamu ya huku.

Chumbani vitanda vyote vimesimama juu ya matofali,
manne kila mguu.
Sikuuliza.
Niliyahesabu tu, kama ninavyohesabu
mishono ya gunia lililoshonwa mara mbili.

Nikarudi peke yangu, Alhamisi, mvua ikinyesha.
Mirongo ulikuwa umevaa kahawia,
umebeba ndoo isiyo na kitako na nusu ya godoro,
unapita nyuma ya uzio kama mpangaji anayejua mlango.
Shija, mtoto wa jirani, alikuwa barazani na karanga zake.
Nikamuuliza kuhusu mwaka ule.
Akaweka kiganja kifuani: “Yalinifika hapa.”
Nikashusha pumzi. Kifua cha mtoto si kina cha kukimbiwa.
Akamenya karanga nyingine.
“Ila nilikuwa nimesimama juu ya meza.”

Hati hakuna. Kuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa,
na warithi sita, saini nne.
Wa tano yuko machimboni Geita, simu haipatikani.
Wa sita anapatikana, hataki.

Bi Milembe, mjane, nilimkuta anapepeta mchele.
Nikamuuliza swali ambalo Nkwabi hulikwepa:
Mama, unauza kwa nini?
Hakuniangalia. Alipuliza makapi.
“Nimechoka kuinua vitu,” akasema.
Katika nyumba ile nzima
hilo ndilo neno pekee ambalo halikupakwa rangi.

Milioni thelathini na mbili, wanasema.
Haya, tupime. Toa saini mbili.
Toa bomba, toa meza ya Shija, toa matofali na migongo
iliyoyapanga usiku maji yakigonga.
Kwetu Mwaloni gunia likilowa haturudishi mzigo,
tunakata kilo, mchuuzi ananuna, maisha yanaendelea.
Lakini maji ya gunia hukauka.

Na lile jiwe la uani, kubwa kuliko jiko,
Kabula alitandika kitenge akakaa, akavua viatu.
Lilikuwa bado na joto la mchana.
Kutoka pale, katikati ya mapaa mawili,
unaona ziwa, kipande tu, kama kiberiti kilicholazwa.
Alikaa muda mrefu. Hakusema ni pazuri.
Mawe ya mizani ninayo yote, kilo, nusu, robo,
la kupimia hilo sina.

Nkwabi amepiga mara tatu: mteja mwingine yuko njiani.
Mteja mwingine yuko njiani tangu niko kijana.
Nimemjibu aanze na Geita, bei baadaye.

Usiku, taa imezimwa, Kabula anageuka:
“Kitenge changu nimekisahau kule juu ya jiwe.”

Mwanamke huyu hajawahi kusahau hata kijiko.