Rangi ya Jikoni, Szeged

Muuzaji anapanga vibao vitatu juu ya kaunta:
isiyong'aa, yenye mng'ao wa hariri, na ya kioo.
"Isiyong'aa inasitiri, mama. Ukuta wa zamani una mabonde."
Etelka anajua. Inasitiri, ila haisahau:
tone la mafuta ya paprika likishazama
utasugua mpaka Pasaka.

"Ya kioo basi? Unapangusa tu.
Lakini kila kovu litaonekana."

Analiwaza moja, usawa wa kiuno,
pale Dezső alipokuwa akiegemeza kiti miaka thelathini na minne
akingoja supu ya samaki,
akigombezwa, akiegemea tena.

"Ya kioo," anasema. "Lita tano."
Kisha, keshafika mlangoni, anarudi:
"Na brashi. Ile yake imekauka."