Mwenye Herufi T

Barua ya mhasibu ilikuja Jumanne, mistari mitatu:
fungu la Kijerumani limesitishwa.
Waling'oa hata vipaza sauti, nyaya zikabaki ukutani
kama mizizi ya jino.

Mwalimu Ndeshimona hakulalama.
Alitoa kamusi yake ya tangu ujana,
jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu,
akaipasua kwa wembe,
kila mmoja wetu na herufi yake.

Sasa, tukitaka sentensi moja,
sharti tukutane wote.

Leo Aikaeli, anayetaka kupandisha wageni mlimani,
kauliza: theluji wanaiitaje?
Mwenye T hayupo,
amerudishwa Rombo, anadaiwa ada.

Tukageukia dirisha.
Moshi yote i juani,
Kibo kajitanda, hasemi.