Barua Isiyo na Kosa

Baba aliendesha lori, Kayseri hadi Graz,
na sentensi zake zilikuwa shehena iliyofungwa ovyo.
Kituruki kina i yenye nukta na i isiyo nayo;
yeye alizinyunyiza nukta kama chumvi.

Mama, mwalimu Mualla wa darasa la tatu,
hakuzijibu barua. Alizisahihisha.
Wino mwekundu, sita kwa kumi,
bahasha, stempu, rudi kwa mwenyewe.
"Akupendaye hukwambia una tongo."

Palipoandikwa *nina hamu nawe*
alipigia mstari *hamu*: irudie mara tano.
Akairudia. Sentensi nzima. Mara tano.

Kisha, Februari, ikaja barua safi.
Mama aliisoma akiuma kifuniko cha kalamu,
akaisoma tena.
Kila nukta kitini pake.
Hakutoa kumi.

Usiku nilimwona jikoni ameinua karatasi kwenye taa,
kana kwamba kosa lingejificha ndani ya nyuzi zake.

Asubuhi, kwenye postikadi, bila salamu:
*Nani yuko nawe huko, ajuaye nukta zinakokaa?*

Nikatumwa posta.
Njiani nikaisoma. Nukta mbili alizisahau.

Nilikuwa na kalamu mfukoni.
Nikaitumbukiza kama ilivyo.