Nakala Halisi

Kwa Bwana Mkuu wa Madeni,
Leeds.

Nimepokea barua yako ya tarehe tisa,
ya nne tangu Clifford azikwe,
na bado mnamwandikia yeye.
Mpendwa Bwana Entwistle, mnasema, una siku kumi na nne.
Hana. Hana hata moja.

Mnadai pauni elfu sita mia nne na kumi na mbili.
Sikatai kwamba tulikopa.
Tulikopa tanuri: mlango wa chuma, tumbo la matofali,
pai za nyama mia mbili kabla jua halijachomoza,
na foleni ya watu wa kiwandani mpaka kona ya mtaa.
Kukopa harusi; siku ile tulicheka njia nzima hadi nyumbani,
tukanunua samaki wa kukaanga, tukala tukitembea.
Kulipa matanga; hilo nalo nililijua,
ila sikudhani matanga yangekuja na jeneza.

Ninachouliza ni kidogo.
Mkataba uko wapi?

Imtiaz wa ofisi ya ushauri, juu ya maktaba,
kijana ambaye bado tai anafungiwa na mama yake,
ndiye aliyenifundisha: tuma pauni moja, omba nakala, kisha nyamaza.
Pauni mliipokea. Risiti ninayo.
Mkaniletea karatasi mbili nyeupe pe,
mkaziita mkataba uliotengenezwa upya,
zina jina la benki ambayo mwaka ule haikuwa imezaliwa,
na pale pa sahihi mstari mtupu
kama kamba ya kuanikia siku ya mvua.

Nilikwenda mwenyewe kwenye lile tawi.
Sasa ni duka la kuchora chale.
Msichana mwenye nyoka shingoni akaniuliza nataka mchoro gani.
Nikamwambia natafuta karatasi.
Akanivutia kiti. Hapa, mama, akasema,
tunachoandika hakipotei.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Maneno hayo yangeandikwa mlangoni penu, si pangu.
Imtiaz anasema deni halifi, linalala tu,
na bila mkataba hamwezi kuliamsha mbele ya hakimu.
Basi liacheni lilale. Msipige simu wakati wa chakula.

(Kuanzia hapa si barua tena.)

Jana nilikuwa natafuta kifungo cha koti.
Kopo la biskuti; chini ya vifungo, chini ya miwani yake,
karatasi ya waridi iliyokunjwa mara nne.
Asilimia saba nukta tisa. Miezi themanini na minne.
Sahihi yangu, ya haraka, inapanda mlima.
Na ya Clifford: C kubwa kama sikio la kikombe,
f mbili zimeshikana mikono,
wino haukutetemeka popote.
Mwaka uliofuata mkono ulianza kumkataa,
kadi za Krismasi nikawa namwandikia mimi,
hata jina lake.
Kwenye kona, alama ya kidole chenye siagi.

Niliwasha jiko la gesi. Nikazima.
Nikachukua bahasha, nikaandika Leeds, nikaishia hapo.
Imtiaz sikumpigia; uso wa yule kijana haujui kuficha kitu.

Dawa ya deni kulipa, najua, najua.
Mama yangu alilipa kila kitu kwa sarafu,
akizihesabu mezani moja moja,
hata kaburi lake alilinunua akiwa mzima,
akawa anakwenda kulitazama Jumapili.
Angenitazama vipi leo, sitaki kufikiri.

Nimeikunja tena, mara nne, kwenye mikunjo yake.
Vifungo juu.

Kwa hiyo, Bwana Mkuu wa Madeni,
kwa mara ya tatu naomba nakala halisi.
Naambatanisha pauni moja nyingine.
Wako mwaminifu,
Beryl Entwistle.

Koti nimevaa, kifungo bado sikukishona.
Posta ya Accrington hufungwa saa kumi na moja na nusu.