Saa ya Jiko

Mwisho wa Machi, milimani Asturias,
saa nane ya usiku iliruka, ikatua saa tisa,
na hakuna aliyesikia kishindo.

Jumatatu Telva anamwita Nel. Mara tatu.
Mtoto fofofo, mdomo wazi,
shuka limemzonga miguu.
Maziwa kikombeni yameshika utando.
Basi la shule limepiga honi, limekwenda.

Zizini hawajapata tangazo:
kiwele cha Pinta hakijajaa,
anageuza shingo,
mbona mapema hivi?

Jioni jua limeng'ang'ania dirisha
na Nel anauliza nani hulala mchana.

Simu ilijirekebisha yenyewe,
mwizi anayefuta nyayo zake.
Ya ukutani, Telva kapanda kiti.
Ya gari ataikumbuka Mei.

Ya jiko haiguswi.
Kitufe chake alikijua Eloi peke yake,
na Eloi kalala tangu Januari
usingizi usiokopwa saa.

Basi miezi saba jiko litadanganya,
Telva atajumlisha moja kichwani
huku anakaanga vitunguu,
hadi Oktoba, asubuhi ya ukungu,
ashuke alikute linasema kweli,
kana kwamba mtu kapita usiku
akabonyeza.