Kijiko Kimoja

Rimgaudas, umeniachia kibanda cha mbao,
funguo tatu, mojawapo haifungui kitu,
na kwenye rafu ya juu, nyuma ya kopo la misumari,
chupa ya maziwa yenye maji ya kahawia.
Jina lake hukuliandika.
Ulichora fuvu kwa penseli, na chini yake:
*kijiko kimoja.*
Cha chai au cha supu?
Kwa ndoo, au kwa tuta zima?
Jibu umekwenda nalo.

Mwaka huu wamewahi, wale wa milia kumi mgongoni.
Viazi havijachanua, wao tayari wamezaa,
mayai ya manjano chini ya jani, yamesimama wima
kama watoto wa shule siku ya mkaguzi.
Eugenijus akaegemea uzio, pampu mgongoni:
"Piga dawa, mama. Jioni unapiga, asubuhi unafagia."
Sikumjibu. Niliitazama mizinga ya Danguolė
iliyonyamaza Juni ile, hadi leo haijasema neno.

Hata hivyo nilipanda kigoda. Nisikufiche.
Niliishika chupa, nikaitikisa,
ikatoa povu kama inayenicheka.
Ndipo nikamkumbuka kalunguyeye wetu,
yule wa chini ya rundo la matawi,
aliyekuwa akitafuna koa usiku kucha
kwa kelele za mgeni asiye na haya.
Tulimkuta kando ya pipa la mvua, miguu juu,
wiki ileile uliyonyunyizia kabichi.
Ulisema ni uzee. Nikakubali.
Mke na mume hukubaliana mengi
kwa sababu chakula kinapoa.

Kuimwaga sikuweza. Umwage wapi kitu kisicho na jina?
Toka kibandani hadi kisimani ni hatua kumi na nne,
nimezihesabu kwa viatu vyako.
Nikaifunga vizuri, nikaitia ndooni,
Danguolė akanipeleka kwa gari lake hadi Kaunas,
kwenye banda wanakopokea taka za hatari.
Binti wa pale, glavu hadi kwenye viwiko,
akauliza: "Ni nini hiki?"
Nikamwambia: "Siri ya marehemu."
Akaandika: *haijulikani.*

Basi sasa ni mkono na kopo.
Alfajiri, umande ungali unalowesha magoti,
nawaokota mmoja mmoja, nawatia maji ya sabuni.
Ugnė namlipa senti moja kwa kila kichwa,
naye huhesabu wengine mara mbili,
damu yako hiyo.
Mayai nayaponda kwa kidole gumba.
Kidole kimekuwa cha manjano, hata kanisani.
Koa nimewatilia bia yako ya mwisho kwenye visahani.
Wamekufa wamelewa, na najua ungelilia bia.
Vidukari wa maharage sijawagusa kabisa:
nilisubiri siku tisa, roho mkononi,
wakaja vidudu wekundu wa madoa, wakala, wakashiba.
Subira ile ilinishinda kuliko kuinama.

Usinione shujaa. Kabichi nne zimetobolewa,
ukizishika juani unauona uwanja mzima.
Wewe ulikuwa ukitoa magunia manne ya viazi.
Mimi mawili na ndoo.
Lakini Ugnė alichomoa karoti, akaifuta kwa sketi,
akaila palepale na udongo wake,
na mimi, kwa mara ya kwanza katika bustani hii,
sikupiga kelele.

Kila chupa sasa ina karatasi: *siki. Sabuni. Mbegu za bizari, za mwaka juzi.*
Atakayenirithi asije akasimama kigodani
akibishana na maiti.

Jambo moja tu limebaki.
Ulikohoa majira mawili ya baridi.
Daktari alisema ni sigara, nawe ulicheka,
ulikuwa umeziacha tangu Ugnė azaliwe.
Vijiko vyetu vya harusi vilikuwa sita.
Juzi, nikichimba vitunguu saumu karibu na pipa,
nimekipata cha sita, kimeliwa ukingo,
cheusi hadi mpinini.

Cha supu, Rimgaudas.
Kilikuwa cha supu.